Kilomita 414,000 na Jua la Dodoma

Kila ninaposimama kwenye kituo cha mafuta, hasa vile vya njia ya Morogoro ambako madereva hushuka kunyoosha miguu, huja mtu akalizunguka gari langu taratibu. Huitazama nyota iliyosimama juu ya boneti, husoma namba ya usajili yenye herufi A ilhali barabara siku hizi imejaa namba E, kisha huinama dirishani na kuniuliza: "Dada, hili limeshatembea ngapi?" Nikimjibu kwamba mita inasoma kilomita 414,000, wengi hunipa pole. Mmoja, pale Kibaigwa, aliniambia kwa upole kabisa kwamba injini ya namna hiyo imebakiza siku zake tu.

Ninaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba swali hilo, ambalo hata mimi nililiuliza kabla ya swali jingine lolote nilipokuwa nanunua, huwapoteza wanunuzi wengi wa magari ya kifahari yaliyozeeka. Nimeishi na Mercedes-Benz E 280 ya mwaka 1994 hapa Dodoma kwa miaka minane. Kama ningejua mwanzoni kitu gani hasa huzeesha gari la aina hii katika mji huu, ningeokoa fedha nyingi na usiku kadhaa wa kukaa macho kando ya barabara.

Kwanza nieleze namna lilivyofika mikononi mwangu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ya nchi ni wa mwaka 1973, lakini watumishi wengi tuliendelea kuishi Dar es Salaam kana kwamba uamuzi huo ulihusu watu wengine, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhama kweli kweli. Zamu yangu ilifika 2017. Nilihitaji gari la safari ndefu, kwa sababu watoto walikuwa bado wanasoma Dar es Salaam na nilijua kwamba kila mwezi nitakuwa njiani. Mstaafu mmoja aliyekuwa jirani yetu alikuwa na gari hili. Aliliweka kwa shilingi milioni saba na nusu, na kwa fedha hiyo nisingepata hata Toyota IST iliyotoka bandarini. Kaka yangu alipinga. Alisema gari lenye kilomita 268,000 ni mzigo wa mtu mwingine ninaotaka kuubeba kichwani mwangu. Mstaafu yule hakubishana naye. Aliingia ndani, akatoka na daftari la kurasa nyingi lenye jalada gumu, akanikabidhi. Humo aliandika kila oili aliyomwaga, kila plagi aliyobadilisha, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wa mtu aliyesomea enzi za kalamu ya wino. Nilinunua gari kwa sababu ya daftari lile, na nalitumia hadi leo. Nusu ya kurasa sasa ni mwandiko wangu.

Gari lenyewe ni la toleo ambalo mafundi hulijua kwa namba 124. Kiwanda kililitambulisha mwishoni mwa mwaka 1984, na utengenezaji wa sedani zake Ujerumani ulikoma mwaka 1995 baada ya toleo zima, pamoja na aina zake nyingine, kuvuka magari milioni mbili na nusu. Langu ni la miaka ya mwisho, baada ya jina kubadilishwa na kuitwa E-Class mwaka 1993. Injini yake ni ya plagi sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,799, valvu 24, na badala ya mkanda wa mpira wa kuendeshea valvu ina mnyororo wa chuma wa safu mbili. Kioo cha mbele kina waipa moja tu, ambayo huzunguka huku ikijivuta na kujirefusha ili ifike kwenye kona, hivyo kwamba hufuta asilimia 86 ya kioo. Mvua za Januari zinapomwagika ghafla baada ya Chamwino, mimi huitazama waipa ile ikifanya kazi na kumheshimu mtu aliyekaa mezani akaiwaza.

Baba yangu alikuwa dereva wa shirika la umma. Katika utoto wetu neno "wabenzi" lilikuwa jina la tabaka la watu, na halikuwa neno la sifa; lilimaanisha wale waliopanda juu wakasahau walikotoka. Baba hakuwa mbenzi, lakini aliendesha Benzi kwa miaka mingi, na kila alfajiri kabla ya kwenda kumchukua bosi alifungua boneti, akatazama maji, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Nilikuwa nikimshikia tochi. Sikununua gari hili ili nionekane na watu. Nililinunua kwa sababu nilikuwa najua, tangu nikiwa na miaka saba, kwamba hili ni gari linalotaka mtu wa kulifungulia boneti kila alfajiri.

Hata hivyo sikujua lolote kuhusu jua.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Oktoba ya pili, mwezi ambao Dodoma huwa kavu na mchana hupita nyuzi thelathini, gari lilianza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni. Mara lilizima lenyewe karibu na Jamatini, mara likawaka na kwenda vizuri siku tatu, mara taa ya injini ikawaka na kuzimika bila sababu. Nilizunguka gereji tatu. Mashine zao za kupima hazikuweza kuunganishwa, kwa kuwa tundu la gari hili halifanani na yale ya magari ya sasa, kwa hiyo kila fundi alikisia. Nilibadilishiwa plagi, nikabadilishiwa pampu ya mafuta ambayo haikuwa na ugonjwa, nikabadilishiwa koili mbili. Katika gereji ya mwisho kati ya hizo tatu waliniambia waziwazi kwamba kwa kilomita zile injini imechoka, nifunge nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta bei ya injini ya mtumba.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Kizota, fundi wa umeme wa magari, ambaye kazi yake huifanya chini ya mwarobaini na si ndani ya jengo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniongezea "mbukwa" ya Kigogo na kunicheka kidogo niliposita. Hakuwasha gari. Alifungua boneti, akasubiri injini ipoe, akashika sehemu moja ya nyaya inayopita karibu na manifoldi na kuikunja polepole kwa vidole viwili. Ganda la nyaya lilipasuka na kudondoka vipande vipande kama ganda la karanga iliyokaangwa sana. Ndani, shaba ilikuwa wazi, nyaya mbili zikigusana.

"Mama," akaniambia, "kilomita hazina kosa hapa. Hili gari linauawa na jua."

Baadaye nilisoma na kuthibitisha alichokuwa anakijua kwa mikono. Magari ya toleo hili yaliyotengenezwa miaka ya mwanzo ya tisini, takriban 1993 hadi 1995, yalifungwa wayaringi ya injini ambayo ganda lake halistahimili joto kwa miaka mingi. Hukauka, hupasuka, kisha umeme huanza kupita njia usizotaka, na hata throto inayoendeshwa kwa umeme, kile kifaa kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini, hupata madhara hayo hayo kwa kuwa nayo ilifungwa nyaya za aina ile ile. Kasoro hiyo imeonekana hata Ulaya, ambako hali ya hewa ni ya baridi. Sasa chukua injini yenye kasoro hiyo, iegeshe mchana kutwa kwenye uwanja usio na kivuli katika mji wenye jua kama huu, kisha iwashe saa kumi jioni uende nayo nyumbani. Gari lililotembea kilomita 60,000 tu lingeweza kufa kwa ugonjwa huo huo, kwa sababu ugonjwa huo hauhesabu kilomita, unahesabu miaka na joto.

Wayaringi mpya kutoka Ujerumani niliambiwa ni shilingi milioni mbili na laki nane kabla ya gharama za kuisafirisha. Mzee wa Kizota alifanya tofauti. Alitoa wayaringi nzima, akailaza juu ya turubai, akafuata kila uzi kutoka plagi hadi kompyuta ya injini na kuandika rangi na unene wake, kisha akavuta nyaya mpya zinazostahimili joto kali, uzi mmoja baada ya mwingine, akazitia kwenye viunganishi vilevile vya zamani alivyovisafisha. Ilimchukua siku kumi na moja. Nililipa milioni moja na laki tisa pamoja na throto aliyoifungua na kuifanyia hivyo hivyo. Sijawahi kulipa fedha kwa kuridhika kuliko siku ile, na injini iliyoambiwa imechoka imeendesha zaidi ya kilomita laki moja tangu hapo bila kutetemeka.

Tangu siku ile nililitazama gari lote upya. Nilichukua daftari, nikatenganisha matengenezo ya vitu vya chuma na matengenezo ya vitu vya mpira, plastiki na nyaya. Upande wa chuma, kwa miaka yote minane, ulikuwa na mistari michache: diski za breki, bering za magurudumu ya mbele, kompresa ya kiyoyozi. Pistoni, shafti, mnyororo na giaboksi havijaguswa. Upande wa pili ulijaza kurasa. Bushi za mikono ya mbele. Maunti za injini. Hosipaipu za rejeta, zote. Shokapu, kwa sababu sili zake zilivuja. Vile viungo vya mpira vinavyokamata propela shafti mbele na nyuma, ambavyo vikipasuka gari hutetemeka ukipita kilomita 80 kwa saa na mtu asiyejua hudhani ni tairi. Gasketi ya silinda hedi pia naiweka upande huu, maana kwenye injini hii huanza kuvujisha oili kwa nje katika kona ya nyuma, na chanzo chake ni gasketi kukauka; chuma chenyewe huwa kizima. Hata kufuli za milango, ambazo katika gari hili hufungwa na kufunguliwa kwa hewa inayosukumwa na pampu ndogo kupitia mirija myembamba, ziligoma kwa sababu ya kiungio kimoja cha mpira kilichokuwa kigumu kama mfupa.

Hii ndiyo maana sioni kilomita kuwa kipimo cha kwanza. Injini huchakaa zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijafika kila mahali, na inapotembezwa safari fupi ambazo hazitoshi kuichemsha ili unyevu na petroli vilivyoingia kwenye oili vitoke. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na kilomita zote hizo gari huwashwa mara moja au mbili. Mtu anayetoka Area D kwenda sokoni Majengo, kilomita tatu, atahitaji kuwasha gari lake mara mia moja na hamsini ili kufikisha umbali huo huo. Mita zao zitasoma sawa, ila injini zao hazitakuwa sawa hata kidogo. Dunia inayo mfano unaojulikana: dereva wa teksi wa Thessaloniki, Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliitembeza Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6 kabla ya kuikabidhi kwa makumbusho ya kiwanda mwaka 2004. Ni kweli kwamba alikuwa na injini zaidi ya moja ambazo alizibadilisha kwa zamu, lakini mtu wa namna ile hakufika huko kwa bahati. Alikuwa anajua nini hufa lini.

Na zaidi ya hayo, mita yenyewe si shahidi wa kuaminika. Yangu ilisimama kwa miezi minne mwaka 2020, kigurudumu kidogo cha plastiki ndani yake kilipokatika meno, na nilitembea safari zote za kipindi hicho bila kuhesabiwa. Kwa hiyo hata hizo 414,000 ninazotaja ni pungufu. Nikinunua gari la mtu leo, nitamwomba daftari. Kama hana daftari, nitaingiza mkono chini ya boneti na kukunja hosipaipu.

Sitaki msomaji aelewe kwamba Dodoma ni adui tu. Mstaafu aliyeniuzia aliishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kula bati chini ya milango na pale jeki inapoingia. Nilikata sehemu zile, nikachomelea bati jipya na kupiga rangi ya kuzuia kutu. Nilitegemea kutu ingerudi baada ya mwaka mmoja, kama mafundi wa pwani wanavyoonya. Haijarudi. Hewa kavu ya huku, ambayo huua mpira, huhifadhi chuma. Anayehamia huku na gari kutoka pwani afahamu kwamba anabadilishana ugonjwa mmoja kwa mwingine, na aanze kujipanga kwa huo mpya.

Kuna jambo la maji ambalo lazima niliseme kwa urefu, kwa kuwa ndilo lililokaribia kuniua injini kweli. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na kila mama wa nyumba hapa anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huo huo hujengeka ndani ya rejeta ya mtu anayejaza maji ya bomba. Mimi nilijua hilo na nilitumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, lakini gereji moja niliyoliacha gari kwa siku mbili walimwaga kulanti yote wakajaza maji ya bomba, tena wakaitoa thamostati, ile valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupoza, na kuitupa, kwa imani iliyoenea kwamba gari lisilo na thamostati halichemshi. Sikuambiwa.

Mwezi uliofuata nilikuwa nakwenda Morogoro na mama yangu mzazi akiwa kiti cha nyuma. Kwenye miinuko ya Gairo, mshale wa joto ambao kwa kawaida hukaa juu kidogo ya 80 ulianza kupanda kuelekea 120. Nilisikia sauti ya baba kama vile yuko pembeni yangu: simama kwanza, uliza baadaye. Nilizima injini kabla mshale haujafika mwisho, gari likaserereka hadi kwenye kivuli cha mti. Mvuke ulikuwa unatoka pale hosipaipu ya juu inapoingia kwenye rejeta. Shingo ya rejeta, ambayo katika gari hili ni ya plastiki, ilikuwa imepasuka. Vijana wawili walikimbia na ndoo ya maji wakitaka kumwagia injini. Niliwaomba wasifanye hivyo. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu iliyofungwa juu ya bloku ya chuma, na ukiimwagia maji baridi ikiwa katika joto lile hupinda, na hapo ndipo watu husema gari la kilomita nyingi limekufa kwa uzee. Tulikaa saa moja na nusu. Mama alikula ndizi na kuniuliza habari za wajukuu. Kisha tukavutwa taratibu hadi Gairo mjini.

Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na maji yasiyo na mgandamizo huchemka huku kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Mfumo wa kupoza wa gari huweza kwenda juu ya hapo bila kuchemka kwa sababu tu mfuniko wake hushikilia mgandamizo ndani, na kulanti husaidia. Mfuniko uliolegea, ambao ni kipande cha shilingi elfu chache, huku kwetu ni hatari zaidi kuliko pwani. Nilibadilisha rejeta nzima, mfuniko, thamostati mpya, na klachi ya feni, ile yenye mafuta mazito ya silikoni ndani ambayo yakikauka feni huzunguka kivivu wakati unaihitaji sana. Jumla ilikuwa milioni mbili na laki mbili. Rejeta ya bei nafuu ingeshusha gharama hiyo karibu nusu, nami niliikataa baada ya mzee wa Kizota kuniwekea mbili kifuani mwangu nizipime uzito.

Hapo nimegusa suala la spea. Bei ya gari hushuka mwaka hadi mwaka mpaka ikafikia bei ya pikipiki tatu za bodaboda, lakini bei ya spea haishuki nayo. Inabaki ile iliyopangiwa mtu aliyelinunua likiwa jipya. Anayesahau jambo hili hununua gari kwa furaha na kuliegesha kwa huzuni mwaka wa pili. Mimi huagiza kwa namba ya chesisi, ambayo kwa gari langu huanza na WDB124028, kwa kuwa muuzaji anayeuliza tu "Benzi ya mwaka gani" atakupa kitu kinachokaribiana. Vitu vya chuma, kama vile mlango, kaliba ya breki au altaneta, nachukua vya mtumba Gerezani, Dar es Salaam, bila wasiwasi. Vitu vya mpira sinunui vya mtumba kamwe, hata viwe vimesafishwa na kupakwa oili viking'aa, maana kununua mpira wa mtumba ni kununua uzee wa mwenzio. Vifurushi hufika kwa basi, nami huenda kuvichukua stendi ya Nanenane jioni. Tairi ndizo hazijawahi kunisumbua: saizi yake, 195/65 R15, ndiyo ya Toyota nyingi za hapa, na duka lolote linazo.

Mafuta hunywa. Barabara kuu napata kilomita tisa kwa lita, mjini sita. Kiyoyozi kimeharibika ndani ya dashibodi, na kukifikia ni lazima dashibodi yote ing'olewe, kwa hiyo nimeahirisha na kufungua madirisha. Bima kubwa, mawakala wote niliowaendea walikataa kwa sababu ya umri wa gari. Nina ile ndogo, na naendesha nikikumbuka hivyo.

Daftari linasema nimetumia milioni kumi na saba na laki nne kwa matengenezo katika miaka hii minane, zaidi ya mara mbili ya bei niliyonunulia. Kaka yangu huitaja hesabu hiyo kila sikukuu. Nami humjibu kwa hesabu nyingine: kwa mwezi ni kama laki moja na elfu themanini, na wenzangu waliochukua mkopo wa gari wanakatwa mshahara zaidi ya hapo bila kuhesabu matengenezo. Lakini sitaki kumdanganya, wala kumdanganya msomaji. Mwaka wa rejeta na gasketi nilitumia zaidi ya milioni nne ndani ya miezi mitano, na kama nisingekuwa na akiba, gari lingesimama juu ya mawe. Mtu asiye na akiba ya angalau nusu ya bei ya kununulia asiguse gari la namna hii, hata akipewa kwa bei ya kutupa.

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari zangu za Dar es Salaam zimepungua, na ninakiri kwamba kwa mtu mmoja treni ni bora. Kazi ya gari imehamia kwingine. Kila siku huenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na kurudi, na mara mbili kwa mwezi huenda Kondoa kumchukua mama kwa ajili ya kliniki yake. Magoti yake yanauma. Kiti cha nyuma cha gari hili kina upana na ulaini ambao sijaukuta katika gari jingine ninaloweza kulimudu, na magurudumu ya nyuma, kila moja likishikwa na mikono mitano, hupita juu ya matuta ya vijijini bila kumrusha. Kabla hatujafika Haneti huwa ameshalala. Nimewahi kumbeba kwa gari jipya la rafiki yangu, gari refu la juu, na alifika akiwa ameshika mgongo. Hakusema kitu, lakini safari iliyofuata aliuliza nitakuja na lipi.

Mwaka 2018, wiki moja baada ya mzee wa Kizota kunionyesha zile nyaya, nilipanda mwarobaini upande wa magharibi wa uwanja wangu huko Kisasa, mche wenye urefu wa goti, nikauzungushia matofali ili mbuzi wasiufikie. Niliumwagilia maji ya kufulia katika kiangazi cha miaka mitatu. Ulipofika usawa wa bega nilikuwa bado nafunika boneti kwa blanketi kuukuu kila mwisho wa juma. Sasa kivuli chake, saa nane mchana, hutanda kutoka ukutani hadi kwenye mlango wa dereva, kwa hiyo naliingiza gari likiwa limetanguliza pua, injini na nyaya zake zikae kivulini. Buti bado linapata jua. Fundi anayepogoa miti mtaani kwetu alipita juzi na panga lake, akataka kuukata matawi ya chini ili upande juu uwe wa kupendeza. Nilimwambia ayaache yaende pembeni.